Tarakimu za Marehemu

3 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Nimekupigia simu mara nne hupokei, basi nimeona nikuandikie. Sisi hapa hatujambo. Mtambo wa kuchapa umepata mkanda mpya, na mafundi wangu wawili wameacha kununiana, kwa hiyo kazi inakwenda.

Nina habari njema. Shirika la vitabu limezikubali herufi za mdogo wangu. Wanataka kuziweka kwenye majalada ya vitabu vyao vyote vya hadithi, na wataziingiza kwenye kompyuta ili zisipotee. Fikiria, wifi: yule mtoto niliyemlea tangu mama alipotuacha, niliyempa kisu chake cha kwanza cha kuchongea, leo kazi yake itakaa kwenye rafu za watu asiowajua. Nililia mbele ya mhariri mpaka akatoka nje akisingizia simu.

Lakini kuna jambo. Herufi wanazo zote, ila tarakimu hawana. Vitabu vina namba, na mdogo wangu hakuwahi kunionyesha hata moja. Mhariri amesema waziwazi kwamba tarakimu lazima ziwe za mkono uleule, wa marehemu, maana jina lake peke yake ndilo litakalowekwa chini ya karatasi ya mfano, ile inayoonyesha herufi zote. Zikiwa za mtu mwingine, wataacha kazi yote na kutafuta kwingine. Kwa hiyo nakuomba upekue droo zake. Pengine aliziacha mahali.

Pia nimefikiria habari ya sanduku. Vile vipande ishirini na vinne vya mbao, alivyokuwa akivipaka wino na kuvigonga kimoja kando ya kingine, kama mtu anayejenga ukuta, mpaka herufi ikatokea na mapambo yake yote, si vitu vya kukaa kwenye nyumba ya mtu mmoja. Nitumie nikutunzie.

Wifi yako,
Mchapaji


11 Machi

Wifi,

Simu naisikia. Siipokei kwa sababu kwenye simu watu husema halafu wakakana, na mimi siku hizi napenda maneno yanayobaki.

Hongera kwa habari ya herufi. Nimepekua kama ulivyoniagiza. Chini kabisa ya droo ya tatu, kati ya risiti za gundi na soksi moja isiyo na mwenzake, nimekuta ya moja na ya mbili. Nimekuwekea humu. Itazame shingo ya mbili: amegonga Ukucha mara tatu, kile kipande kilichopinda, kila mara akishuka kidogo, halafu akaweka Punje ili jicho lipumzike, halafu Jani likasimama juu. Mtu mwenye haraka angeweka Jani kwanza na kuharibu kila kitu.

Sanduku halisafiri. Lina miaka kumi na tisa halijatoka humu ndani, nami vilevile. Ukitaka kulitunza, njoo ututunze wote wawili.

Unasema hii ni nyumba ya mtu mmoja. Umehesabu vizuri, wala sijui kwa nini ulihitaji kuhesabu.

Mke wa mdogo wako


20 Machi

Wifi yangu,

Tarakimu zimefika. Mhariri alizishika kwa ncha za vidole, akazipeleka dirishani, akasema huyu mtu alikuwa na mkono wa ajabu. Nilijisikia kama niliyezaliwa upya. Sasa wanasubiri kuanzia tatu mpaka tisa, pamoja na sifuri. Tafuta zaidi.

Niruhusu niulize, wala usinielewe vibaya. Mdogo wangu alikuwa hawezi kufungua kopo jipya la wino bila kuniandikia. Akapanga tarakimu nzima, akaziweka chini ya soksi, asinigusie hata kidogo? Halafu kuna karatasi. Nimeshika karatasi miaka thelathini, naijua iliyolala drooni na ambayo haijalala. Karatasi ya droo hugeuka rangi pembeni na huwa laini kama sikio. Hii uliyonitumia bado inakwaruza.

Na kuna jingine. Fundi wangu wa majalada alipita mtaani kwenu kupeleka kazi, akaona si vyema asikusalimie. Anasema alisikia msasa ukisugua mbao karakanani, na alipobisha ukanyamaza. Ulichukua muda kufungua. Mimi sisemi kitu, wifi. Nauliza tu, maana lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Wifi yako,
Mchapaji


29 Machi

Wifi,

Nakutumia ya tatu, ya nne na ya tano. Hizi zilikuwa zimeanguka nyuma ya kabati. Ukiniuliza kwa nini karatasi inakwaruza, nitakwambia nyuma ya kabati hakuna unyevu. Ukiniuliza habari ya msasa, nitakwambia ni panya. Panya wa siku hizi wamesomea useremala.

Fundi wako wa majalada alikuja, kweli. Aliomba maji, nikampa, akaomba tena, nikampa, akaomba mara ya tatu. Muda wote huo alikuwa akitazama chini ya meza na kwenye mlango wa chumba cha kulala. Mtu mwenye kiu ya kweli hutazama glasi. Mwambie akija tena asijichoshe, nitamtembeza chumba kwa chumba, na akitaka ahesabu vijiko.

Sasa na mimi nina langu. Uliandika kwamba shirika wana herufi zote. Aliyewapa nani? Seti kamili ilitoka nyumba hii mara moja tu, miaka tisa iliyopita, kwenda kwako, ukaichapa kuwa karatasi ya mfano yenye jina la mdogo wako chini. Ukawapa watu karatasi ile bila kuniuliza, mkaandikiana mkataba bila kuniuliza, na mimi naletewa tu orodha ya vitu vya kutafuta kwenye droo. Halafu unataka na sanduku. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nimeanza kukung'uta nguo zangu.

Mke wa mdogo wako


6 Aprili

Wifi,

Sasa tusemezane bila mapambo.

Fundi wangu aliona viatu vya kiume chini ya meza ya karakana. Viatu vikubwa, vyenye unga mpya wa mbao juu yake, si vumbi la mtu aliyekufa miezi saba. Aproni ya mdogo wangu ilikuwa imening'inia mlangoni ikiwa na wino mbichi. Vikombe viwili mezani. Sikutaka kuyaandika haya, nilitaka uyaseme mwenyewe, lakini wewe unaniletea habari za panya.

Kuna mtu humo ndani. Kuna fundi umemwingiza kwenye karakana ya mdogo wangu, anavaa aproni yake, anashika vipande vyake, anaiga mkono wake, na wewe unanitumia kazi yake kama urithi wa marehemu. Kama ni zaidi ya fundi, hilo ni lako na Mungu wako, sina haki ya kukufunga miguu. Wewe bado ni mwanamke, na nyumba ni yako. Lakini jina la mdogo wangu si nguo ya kumvisha mpita njia. Mhariri akigundua, kazi itakufa, na jina lile litabaki la kuchekwa. Ndilo pekee alilotuachia.

Wala usinijibu kwamba zilikuwa nyuma ya kabati. Najua kwa hakika kwamba tarakimu zote tano zimegongwa baada ya mazishi. Usiniulize najuaje.

Nataka jina la mtu huyo.

Mchapaji


14 Aprili

Wifi,

Sikuulizi unajuaje. Nitakwambia mimi unavyojua.

Umeitazama ncha ya Ukucha. Kila palipogongwa Ukucha kwenye tarakimu hizi, ncha ya chini imekatika, pamebaki kijipengo kidogo kuliko punje ya mchele. Kwenye karatasi ya mfano ya miaka tisa iliyopita, ncha ni nzima. Umeziweka pamoja ukaona. Lakini kuona pengo hakukwambii lilianza lini. Hilo linajulikana na watu wawili tu: mimi, na aliyekivunja.

Asubuhi ya mazishi nilifungua sanduku peke yangu. Nilivishika vipande vyote, kimoja kimoja, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kushika. Ukucha ulikuwa mzima. Nikafunga karakana, ufunguo nikautundika kwenye msumari jikoni. Jioni watu walipoondoka, nikakuta sanduku limefungwa kwa fundo nisilolijua na Ukucha hauna ncha. Siku ile jikoni alikuwepo nani kutwa nzima, akiwaamuru watu wapi waweke masufuria? Nilingoja. Ulipoleta habari ya tarakimu, nikaugonga Ukucha kila nilipoweza, hata kwenye ya moja ambako haukuhitajika. Nilisema aliyeuvunja ataliona pengo, na akiliona hataweza kunyamaza, na akisema atakuwa amejitaja. Imekuchukua tarakimu tano. Njia ya mwongo ni fupi, wifi, na hapo namaanisha ya kwako na ya kwangu.

Maana mimi pia nimesema uongo. Hakuna kilichokuwa chini ya soksi wala nyuma ya kabati. Viatu ni vya marehemu, navivaa mimi kwa sababu sakafu ya karakana ina vibanzi na miguu yangu haina bima. Aproni ni yake, naivaa mimi. Msasa nilikuwa nasugua wino mkavu kwenye kipande cha Jino. Kikombe cha pili humwekea, kwa mazoea, na hilo halimhusu fundi wa majalada.

Mtu unayemtaka jina lake ni mimi. Tarakimu nimezipanga mimi. Na herufi pia, wifi, zote. Mdogo wako alikuwa mchongaji ambaye sijamwona mwingine. Kipande kikitoka mkononi mwake ungetaka kukila. Lakini kupanga hakuweza. Alijaza. Akiona nafasi anaweka Jani, akiona nafasi nyingine anaweka Punje, mwisho herufi inakuwa kichaka na huwezi kujua kama ni B au ni nyumba ya ndege. Mwaka wetu wa kwanza nilimwona akipigana na K mpaka akatupa sanduku sakafuni. Nikaviokota vipande, nikaanza kuvigonga pale alipoacha. Tangu siku hiyo yeye akachonga, mimi nikapanga. Akaniita Mpangaji. Majirani wakadhani anamaanisha kodi.

Nilidanganya kwa sababu mkataba wenu unataka mkono wa marehemu, na nilijua ukisikia ni mkono wangu utaifunga kazi. Sitarajii uniamini. Mume wangu mwenyewe aliweka jina moja kwenye ile karatasi ya mfano. Ikiwa aliyekuwa akilala kando yangu hakuniona, wewe utanionea wapi?

Mke wa mdogo wako


19 Aprili

Wifi,

Ukucha nilivunja mimi. Nilichukua ufunguo, nikapanda kwenye kigoda, nikataka kipande kimoja tu cha kuweka mkobani, kitu alichokishika. Sanduku likaniponyoka. Nikaogopa, nikafunga, nikarudi kwenye masufuria. Nimeyabeba miezi saba na ninaona haya. Hilo nimelikiri, naomba radhi.

Lakini hilo si hili. Mtu akishakufa, kila mmoja anaweza kusema alikuwa mkono wake wa kulia. Maiti hajibu. Mdogo wangu alikuwa akichora herufi kwenye vumbi kabla hajajua kusoma, na mimi ndiye niliyekuwa nikiambiwa nizitazame. Leo unaniambia alikuwa hawezi kupanga K.

Kama ni kweli, nipangie sita na tisa. Fundi wa kuigiza hupanga sita kisha akaigeuza kichwa chini akaiita tisa. Mdogo wangu asingekubali. Alikuwa na sheria yake, jani halioti kuelekea chini, na kwenye herufi zake zote hakuna Jani hata moja lililoinama. Ukiigeuza sita, majani yote yanainama. Kwa hiyo tisa lazima izaliwe upya, na sura yake bado ifanane na dada yake. Tuone.

Nipe na saba na nane. Sitamwambia mhariri kitu mpaka nizione.

Mchapaji


27 Aprili

Wifi,

Kifurushi ni kizito, samahani kwa mgongo wa mtu wa posta.

Juu kabisa kuna sita, saba, nane na tisa. Sheria ya majani usinifundishe, niliitunga mimi. Mdogo wako aliwahi kuinamisha Jani kwenye G, nikamwambia linaonekana limekosa maji, akacheka siku mbili, na tangu hapo ikawa sheria. Kwenye tisa nimeliondoa Jani kabisa pale juu, nikaweka vipande viwili vya Robo vitazamane, na majani nimeyapandisha mkiani, ambako hakuna mtu anayetarajia kitu kuota.

Chini yake ni uchafu wangu. Nane peke yake ilikufa mara kumi na nne kabla haijasimama, na maiti zote kumi na nne nimekuwekea, na penseli yangu pembeni. Ukifika maiti ya tisa utaona nimeandika neno ambalo mjane hapaswi kulijua. Mwigaji hana vitu hivi, wifi. Mwigaji ana kilichokamilika tu.

Na chini kabisa kuna bahasha ya kahawia. Humo kuna vifo vya herufi, vya miaka kumi na tisa, si vyote, nimechagua. Geuza nyuma. Utakuta mwandiko wa mdogo wako, unaujua kuliko mimi. Mahali pengine ameandika: "Mpangaji, hapa nimekwama." Mahali pengine: "Jino ni nene? Nipunguze?" Kwenye M ameandika: "Sielewi umefanyaje lakini usiguse."

Sikupenda kukutumia bahasha hiyo. Ni barua zake kwangu, hakuwahi kuniandikia nyingine. Nirudishie.

Imebaki sifuri. Nasubiri neno lako kwanza.

Mke wa mdogo wako


9 Mei

Wifi yangu,

Nimechukua siku kumi na mbili kukujibu. Siku tatu za kwanza nilikuwa nikitazama karatasi zako. Siku nyingine zote nilikuwa nikitafuta namna ya kuandika barua hii ili nionekane vizuri, na sijaipata.

Bahasha yako nakurudishia, haikupungua kitu. Nimeongeza karatasi moja. Ni barua aliyoniandikia mdogo wangu miaka tisa iliyopita, pamoja na herufi zote, alipotaka nichape karatasi ya mfano. Nainakili hapa endapo utashindwa kuisoma, maana nimeikunja na kuikunjua mara nyingi:

"Dada, shikamoo. Herufi hizo, zote zimetimia. Zichape polepole, wino usiwe mwingi. Chini weka majina mawili, la Mpangaji na langu. Langu liwe la pili. Mimi nachonga tu, yeye ndiye anayeiona herufi kabla haijawa kitu. Usimwambie. Nataka alione likiwa limeshachapwa, nimtazame uso."

Nilichapa jina moja. Nilimwandikia kwamba nafasi haikutosha. Mchapaji mzima, mimi, ninayeweza kuingiza sala na orodha ya vifaa kwenye kadi ya ukubwa wa kiganja, nikasema nafasi haikutosha. Alijua. Hakuniandikia miezi mitano, na alipoandika tena hakuligusia, nami nikashukuru kwamba yamekwisha.

Nilijiambia ni mapenzi yanasema. Mwanamume akipenda atamwambia mkewe kwamba hata jua limechomoza kwa ajili yake, na dada mtu anatakiwa awe na akili. Nilimnyima usingizi wangu, hapana, nimeandika vibaya, nilimpa usingizi wangu, nikamlea, nikamsomesha kazi, halafu siku ya kuandika jina akaja mtu mwingine juu yake. Nilikuwa na wivu, wifi. Nimetafuta neno zuri zaidi siku hizi zote na hakuna. Hata habari ya mwanamume karakanani, nadhani niliitaka iwe kweli. Ingekuwa rahisi kwangu kuliko hii.

Nimekwenda kwa mhariri nikamweleza yote, pamoja na la kwangu. Alifunga faili la mkataba, nikajua kazi imekufa. Halafu akauliza kama mpangaji bado yu hai. Nikasema yuko hai na ana ulimi. Akasema basi waandike mkataba upya na wewe, na jina ni juu yenu. Nimeupanga ukurasa wa mfano kwa mikono yangu, sikumwachia fundi. Lako liko juu. La mdogo wangu liko chini yake, kama alivyotaka. Pamebaki wazi mahali pa sifuri.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nimekwambia tu.

Wifi yako,
Mchapaji


18 Mei

Wifi,

Barua yake niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Ni mwandiko wake. Ile "langu liwe la pili" ameikandamiza mpaka kalamu imetoboa karatasi.

Hujui ulichochukua, kwa hiyo nikwambie. Unadhani ni jina. Jina ningeishi bila, watu wengi wanaishi bila. Siku karatasi yako ya mfano ilipofika nilikuwa pale nikikoroga wino. Nilimwona akiifungua, akatazama chini yake, akabadilika rangi. Akaikunja, akaitia kwenye droo chini ya kila kitu. Baadaye nikaenda kuichungulia, nikaona jina lake peke yake, nikaelewa. Nikasema, haya, amechukua kazi yangu akaweka jina lake, na sasa anaona aibu kunitazama. Sikumuuliza. Alikuwa kila mara akitaka kusema kitu, namwona, namkatiza kwa habari ya chakula. Kwa sababu sikutaka kumsikia akijitetea.

Miaka tisa, wifi. Nimempikia, nimempangia herufi, nimelala ubavuni kwake miaka tisa nikimdhania mwizi.

Wiki yake ya mwisho alinishika mkono akasema, Mpangaji, nisamehe lile jambo. Nikajua ni lipi. Nikamwambia yameshapita, kwa ile sauti ambayo mtu hutumia wakati hayajapita, na yeye aliijua sauti hiyo, tulikuwa tumeishi pamoja muda wa kutosha. Akageukia ukutani. Kumbe alikuwa akikubebea wewe. Angeweza kusema ni dada ndiye aliyekata jina, kwa neno moja tu ningemrudia, na hakulisema, ili mimi nisikuchukie. Amekufa ameshika kosa lako mkononi, na mimi nikiwa nimemnunia.

Hicho ndicho ulichochukua. Sijui kinachapwa upya kwenye mtambo gani.

Majina uyaache yote mawili ulivyoyapanga. Nimefurahi kwa mhariri, nimefurahi kwa vitabu, siwezi kusema sijafurahi. Tena nimefurahi kwamba barua hukuichoma, ingawa ulikuwa na miaka tisa ya kuichoma. Hilo nimelifikiria sana na nimeliweka upande wako.

Sifuri nimeshaipanga. Ni nzuri kuliko ndugu zake wote. Sitaiweka posta. Njoo uichukue mwenyewe, bila fundi wa majalada. Utakaa kwenye kiti chake, na utanisimulia tena yote uliyoandika, kwa mdomo, taratibu, kuanzia siku ulipoipokea barua yake mpaka siku ulipochapa, mimi nikikutazama. Nitakachokujibu sikijui. Mwambie mhariri asubiri.

Mpangaji